Ukuta wa meko upimwe kwa joto, si kwa kiberiti

Baridi ya Julai inapoishika Limuru, Kinangop, Molo na Nyahururu, na ile ya Juni inapoanza kukaza Njombe, Mufindi na Lushoto, meko ya ukutani hurudi kazini. Kuni hupangwa, dohani husafishwa, viti husogezwa na sebule nzima huelekea upande mmoja. Hakuna ukuta unaotazamwa zaidi ndani ya nyumba, ndiyo maana kila mwenye nyumba hutaka upendeze. Shida ni kwamba hakuna ukuta mwingine sebuleni unaochemshwa kila jioni.

Mapambo ya ukuta yamekuwa biashara kubwa mijini katika miaka ya karibuni. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Nairobi, Eldoret, Arusha na Dar es Salaam yamejaa paneli za PVC zenye sura ya marumaru, mbao bandia zenye mifereji, karatasi za ukutani za vinili, na shiti za povu zenye umbo la matofali ambazo mtu huambua karatasi ya nyuma na kuzibandika mwenyewe. Bei yake iko chini ya ile ya jiwe, fundi humaliza ukuta kwa siku moja, na hakuna vumbi la saruji. Katika chumba cha kulala si mapambo ya kugombana nayo. Katika ukuta wa meko, mengi kati ya hayo hayafai kabisa, na ni wakati wauzaji na mafundi waseme hivyo kwa uwazi.

Kwa sasa wanasema kinyume. Mteja akiuliza kama paneli inafaa kando ya moto, jibu huwa mfukoni mwa muuzaji. Anachukua kipande, anawasha kiberiti cha gesi, anaushikilia mwali kwenye kona kwa sekunde kadhaa. Kona inageuka nyeusi, inajikunja kidogo, moshi mwembamba wenye harufu kali unapanda. Anaondoa kiberiti na mwali unazimika wenyewe. "Umeona? Haishiki moto hii." Mteja ameona kwa macho yake. Analipa.

Alichokiona ni kweli. PVC halisi, kabla haijachanganywa na viungo vingine, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na klorini hiyo huuzuia mwali usiendelee pale chanzo cha moto kinapoondolewa. Lakini jaribio lile linajibu swali ambalo meko hayaulizi. Meko hayaugusi ukuta kwa sekunde tano kisha yakaondoka. Yanaukanza kwa saa nne au tano, jioni baada ya jioni, msimu mzima wa baridi, na mwaka unaofuata yanaanza tena. PVC ngumu huanza kulegea karibu na nyuzi 80 za Selisiasi, joto lisilofikia hata la maji yanayochemka. Ukuta ulio sentimita chache juu ya mdomo wa meko yanayowaka vizuri unaweza kupita kiwango hicho huku watu wakinywa chai mbele yake bila wasiwasi.

Kinachofuata huja polepole. Paneli hupata mawimbi. Kingo hugeuka manjano, maungio hufunguka, gundi ya nyuma hulainika na paneli huanza kuning'inia. Ikidondoka, inadondokea makaa, na hapo ile klorini iliyouzima mwali dukani huonyesha upande wake wa pili: PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo hugeuka tindikali inapokutana na unyevu wa macho, koo na mapafu. Sebuleni, milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya baridi, gesi hiyo haina pa kwenda.

Shiti za povu ni mbaya zaidi. Nyingi zimetengenezwa kwa polithini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi mia moja na kidogo, na ikishika moto hudondosha matone yanayowaka. Mapambo ya polistairini, yale meupe na mepesi yanayouzwa kama fremu za ukutani na kona za dari, hulainika karibu na nyuzi 100 na huungua kwa moshi mzito mweusi. Vitu hivi viwili havina nafasi popote kwenye ukuta wa meko, iwe chini, juu au pembeni.

Wapo watakaoona kwamba hofu hii imetiwa chumvi. Matukio ya miaka ya karibuni hayawaungi mkono. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya usiku iliyoitwa The Station, mjini West Warwick katika jimbo la Rhode Island, Marekani, cheche za fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya poliyurethani iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, moto wa jokofu katika ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, London, ulitoka dirishani na kuzishika paneli za nje zilizowekwa wakati wa ukarabati. Paneli hizo zilikuwa na tabaka la polithini katikati ya mabati mawili ya alumini. Watu 72 walikufa. Ripoti ya mwisho ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, ilieleza udanganyifu wa kimfumo wa wale waliotengeneza na kuuza paneli na vizuia joto vya jengo lile. Nyumba ya familia pale Limuru haifanani na jengo la ghorofa 24, hilo halina ubishi. Lakini chanzo cha msiba ni kilekile: kitu kinachoungua kimebandikwa mahali ambapo moto unaweza kukifikia, na aliyekinunua alitegemea neno la aliyekiuza.

Mbao nayo inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa watu huiamini. Mbao ikipashwa joto kwa muda mfupi, haiwaki mpaka ifike nyuzi 250 hadi 300 hivi. Fundi anayejua jambo hilo huona hakuna ubaya kupigilia ubao au MDF karibu na mdomo wa meko, maana pale hapafikii nyuzi hizo. Asichokijua ni kile ambacho joto dogo la muda mrefu huifanyia mbao. Ikikanzwa kwa miezi na miaka, hata chini sana ya kiwango hicho, hupoteza unyevu wake wote, hubadilika rangi kuwa kahawia, huanza kugeuka makaa taratibu, na kiwango cha joto kinachotosha kuiwasha hushuka. Ndiyo maana nyumba yaweza kukaa miaka kumi salama na kuungua mwaka wa kumi na moja, kwa moto usiozidi ule wa siku zote. Moto haukubadilika. Mbao ndiyo iliyobadilika.

Hatari hiyo huongezeka kwa namna paneli zinavyofungwa. Fundi hutoboa ukuta, hupigilia fito za mbao kutoka chini hadi juu, kisha hufunga paneli juu ya fito. Kwa ukuta wa kawaida ni kazi nzuri, na huficha ukuta usionyooka. Kwenye kifua cha dohani, ile sehemu ya ukuta iliyotokeza juu ya meko, fito zile zinakuwa zimelazwa moja kwa moja juu ya matofali yenye moto, mahali ambapo hakuna jicho litakaloziona tena. Nyuma ya paneli hubaki uwazi wa sentimita mbili au tatu unaopanda hadi dari, na mwali ukiingia humo hukimbia juu kwa kasi. Tena ufa wowote wa dohani sasa umefunikwa. Masizi na lami ya moshi zilizogandamana ndani ya dohani zikishika moto, joto laweza kupita nyuzi 1,000, na ufa uliofichwa nyuma ya fito kavu ndiyo njia fupi kuliko zote ya moto huo kuingia nyumbani. Hata ufa usiopitisha moto hupitisha gesi ya kaboni monoksidi, yenye sumu na isiyo na rangi wala harufu, na nyuma ya paneli hakuna atakayeuona wala kuuziba.

Basi umbali gani unatosha? Nchi zilizoishi na meko ya ukutani kwa karne nyingi zimekwisha kuliandika jibu katika kanuni zao. Kanuni za Marekani, kwa mfano zile za waraka wa NFPA 211, hazikubali kitu kinachoungua kiwe ndani ya sentimita 15 kutoka mdomo wa meko ya matofali. Kutoka hapo hadi sentimita 30, kila sentimita moja ya kutokeza inadai sentimita 8 za umbali. Kitu kilichotokeza zaidi ya sentimita 4 hivi juu ya mdomo, kama rafu ya mbao, kinatakiwa kiwe juu kwa sentimita 30 au zaidi. Mwongozo wa Uingereza unaangalia pia mwili wa dohani: vitu vinavyoungua viwe angalau milimita 200 kutoka uso wa ndani wa njia ya moshi, au milimita 40 kutoka uso wa nje wa dohani ya matofali, isipokuwa mbao chache ndogo zinazotajwa kwa jina, kama vile rafu ya juu ya meko na ubao wa chini wa ukuta.

Chukua paneli yenye mifereji ya unene wa sentimita 2.5. Ikibandikwa bila fito, inahitaji kukaa sentimita 20 kutoka mdomo wa meko kwa hesabu ya Wamarekani. Ikiwekwa juu ya fito za sentimita 2, imetokeza sentimita 4.5, na sasa juu ya mdomo inatakiwa ipande hadi sentimita 30. Hesabu hii iliandikwa kwa kufikiria mbao. Plastiki inayolegea kwenye nyuzi 80 ihesabiwe kwa ukali zaidi, na aliye makini ataiacha kabisa kwenye ukuta huo.

Sakafu isisahauliwe. Uingereza inataka jiwe la sakafu lisogee mbele ya meko ya wazi kwa milimita 500 na pembeni kwa milimita 150. Kuni za saipresi na za msonobari hurusha cheche sana, na zulia la plastiki lililovutwa hadi ukingoni mwa meko ndiyo sehemu ya kwanza cheche hizo zinapotua. Wavu wa chuma mbele ya moto hugharimu kidogo na hufanya kazi kubwa.

Sasa upande wa furaha, maana ukuta wa meko si lazima uwe mtupu. Vitu vilivyokwisha kupita motoni, au vilivyokaa ardhini tangu dunia ianze, havina cha kuogopa mbele ya kuni chache. Jiwe, tofali la kuchoma, kigae cha udongo, chokaa na plasta ya saruji haviungui. Na Afrika Mashariki haina upungufu wa vitu hivyo. Jiwe la Mazeras, kutoka nyuma ya Mombasa, limevalishwa kuta na sakafu nyingi za Kenya, na mabamba yake yana rangi za kahawia na manjano zinazopokea mwanga wa moto vizuri mno. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kutoka Iringa hadi Mbeya, matofali ya kuchoma yapo karibu kila kijiji. Yakipangwa vizuri, yakafutwa udongo na kuachwa wazi bila rangi, ni pambo ambalo hakuna karatasi ya plastiki itakayoliiga sawasawa. Wakoloni wa Kijerumani walioiita Lushoto Wilhelmstal, na walowezi wa Kiingereza katika nyanda za juu za Kenya, walijenga meko yao kwa jiwe na tofali kwa sababu walikotoka walijua nyumba zilivyoungua. Mengi ya meko hayo bado yanawashwa.

Ipo pia hazina ya pwani ambayo watu wa bara hawajaitumia, na inastahili kuzungumziwa kwa kirefu. Lamu, katika nyumba kongwe za karne ya 18, kuta za ndani zimejaa zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vilivyofinyangwa na kuchongwa kwa plasta ya chokaa, kingo zake zikiwa na nakshi za majani, mistari na matao madogo. Vishubaka hivyo vilishika vyombo vya kaure na vitu vya thamani, na kwa mwanga mdogo wa ndani ukuta mzima ulionekana kama una kina kisichoisha. Hakuna ubao, hakuna karatasi, hakuna gundi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuri la magogo. Kitu kilichozaliwa kwenye joto la aina hiyo hakitishwi na joto la sebuleni. Mafundi wanaojua kuchonga plasta wapo Lamu hadi leo, na ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, umeuweka ujuzi huo hai. Kifua cha dohani huko Nanyuki au Lushoto, kikipigwa chokaa na kuchongwa ukingo mmoja tu wa nakshi kuuzunguka mdomo wa meko, kingekuwa pambo salama, la hapa hapa, na lisilopatikana katika kontena lolote bandarini. Anayejenga nyumba ya likizo milimani na kutafuta kitu cha kipekee afunge safari ya pwani kabla hajaagiza katalogi ya ng'ambo.

Hata mawe yana masharti yake. Mawe ya mtoni yaliyonywa maji yanaweza kupasuka kwa nguvu yakiwekwa ndani kabisa ya sanduku la moto, kwa kuwa maji yaliyonaswa hugeuka mvuke na kukosa pa kutokea. Ndani humo panataka matofali maalumu ya kustahimili moto, yanayohimili zaidi ya nyuzi 1,000, yakiungwa kwa udongo wake. Marumaru halisi haiungui, ila masizi huiingia na madoa hayatoki kirahisi. Jiwe bandia la kwazi, linalopendwa jikoni, limegandishwa kwa utomvu wa plastiki, na utomvu huo hubadilika rangi na kupasuka kwa joto la juu, kwa hiyo lisisogezwe mdomoni mwa meko. Vigae ni salama, lakini gundi ya vigae ya kawaida huachia ikikanzwa mara kwa mara. Fundi aulizwe gundi inayostahimili joto kabla hajachanganya ndoo ya kwanza. Gundi zenye mvuke mkali zina hatari yake nyingine: mvuke huo huwaka, na meko yasiwashwe mpaka harufu iishe kabisa.

Jipsamu inahitaji sentensi zake yenyewe, kwa kuwa mafundi wengi huiita kinga ya moto. Ni kweli kwamba karibu asilimia 21 ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na nyumba ikiungua maji hayo hutoka na kuchelewesha moto. Hiyo ni kazi ya mara moja, siku ya msiba. Joto la kila siku huyatoa maji hayo kidogo kidogo mpaka ubao unabaki unga mkavu uliovikwa karatasi. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba ubao wa jipsamu usikae muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 52. Ukuta wa meko hupita hapo bila shida.

Wenye nyumba za zamani wana sababu moja zaidi ya kuwa waangalifu. Mbao za asbesto zilitumika duniani kote kama kizuizi cha joto nyuma ya majiko na kuzunguka meko. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake yote mwaka 1999, na Marekani ilifunga mlango wa aina ya mwisho iliyokuwa ikiingizwa mwaka 2024. Fundi akikuta ubao wa kijivu, mgumu na mkongwe kando ya meko, asiukate, asiutoboe, asiupige msasa. Vumbi lake ndilo linaloua, na hukaa mapafuni kwa miongo kabla ya ugonjwa kujitokeza. Ubao huo uachwe ulivyo mpaka aje mtu mwenye ujuzi wa kuuondoa.

Televisheni juu ya meko ni mtindo mwingine unaotakiwa kuachwa pale moto unapokuwa wa kweli. Televisheni nyingi zimetengenezwa kufanya kazi katika hewa isiyozidi nyuzi 40, na nyaya zinazopita ndani ya ukuta wa dohani zina ganda la plastiki ileile ya PVC.

Hoja inayopaswa kusikilizwa kwa heshima ni ya bei. Jiwe ni ghali, fundi wa jiwe ni ghali zaidi, na si kila anayeota moto huko Makete au Kinangop ana mfuko wa mwenye hoteli. Lakini hesabu ifanywe vizuri. Meko yenye mdomo wa upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75, yakizungushiwa mkanda wa vigae au jiwe wa sentimita 30 pande zote mbili na juu, yanahitaji chini ya mita moja ya mraba ya kufunika. Si ukuta mzima. Hata mabaki ya vigae vya jikoni yaweza kutosha. Sehemu iliyobaki juu, kwenye kifua cha dohani, ipigwe plasta na kupakwa chokaa au rangi ya maji. Mfuko wa chokaa ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa katika duka la vifaa vya ujenzi, na ukichanganywa na udongo mwekundu wa kwetu hutoa rangi ya joto ambayo wabunifu wa Ulaya huilipia fedha nyingi. Anayeupenda mtindo wa paneli auweke ukuta wa upande wa pili wa sebule, mkabala na moto, ambako mwanga utaufikia na joto halitaufikia.

Wajibu hauwezi kubaki kwa mnunuzi peke yake. Ulaya hupanga vifaa vya ujenzi katika madaraja ya moto kuanzia A1, visivyoungua kabisa, hadi F, na huongeza alama za moshi na za matone yanayowaka. Ili kitu kipate A1 hupitia, pamoja na mambo mengine, tanuri la nyuzi 750. Marekani ina madaraja ya A, B na C, ambayo hupima jinsi mwali unavyotambaa juu ya uso wa kitu katika jaribio la dakika 10. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezwa: bidhaa yenye daraja la A la Marekani yaweza kuwa plastiki inayolegea mbele ya meko, kwa sababu jaribio lile halikuuliza habari ya joto la miaka. Daraja A la Marekani na A1 ya Ulaya ni vitu viwili tofauti, na muuzaji anayevichanganya, kwa kujua au kwa kutojua, anamwingiza mteja hatarini.

Shirika la Viwango Kenya, KEBS, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, yana uwezo wa kulimaliza jambo hili kwa kibandiko. Kila paneli, karatasi ya ukutani na shiti ya povu inayouzwa ibandikwe maneno machache ya Kiswahili yanayosomeka: imetengenezwa kwa nini, inalegea au kuyeyuka kwenye nyuzi ngapi, ina daraja gani la moto na kwa kipimo cha nani, na ikae umbali gani kutoka chanzo cha joto. Vyakula tayari huandikwa viungo vyake. Kitu kitakachobandikwa ukutani kwa miaka kumi na tano, mbele ya watoto waliolala, kinastahili uangalizi uleule. Vyuo vya ufundi navyo viingize somo la meko na dohani katika mafunzo ya wapambaji wa ndani, maana wengi wao hujifunza kwa kutazama video fupi za nchi ambako "meko" ni mashine ya umeme yenye picha ya moto. Na hata mashine hizo hupuliza hewa ya joto, kwa hiyo kijitabu cha mtengenezaji kifuatwe sentimita kwa sentimita. Ndivyo ilivyo pia kwa meko ya gesi.

Kabla kibandiko hicho hakijapatikana, mwenye nyumba anaweza kupima ukuta wake mwenyewe. Dohani ikaguliwe na kusafishwa kwanza. Kisha meko yawashwe kwa kuni nyingi kama za usiku wa baridi kali, yaachwe yawake saa tatu, na ukuta upimwe kwa kipimajoto cha infraredi, kile cha viwandani au cha jikoni. Vile vya kupima homa havifai, kwa kuwa vingi huishia karibu na nyuzi 43. Upimwe juu ya mdomo kila baada ya sentimita 10 hadi dari, na pembeni vilevile, na mstari wa chaki uchorwe mahali joto linaposhuka chini ya nyuzi 50. Ndani ya mstari huo lisiingie lolote ila jiwe, tofali, kigae, chokaa na plasta. Nje ya mstari, umbali wa kanuni bado unahesabika hata kama kipimo kinaonyesha ukuta umepoa, maana jioni moja ya majaribio haiwezi kuonyesha kuni za mwaka ujao zitawaka kwa ukali gani. Fundi aje asubuhi inayofuata na kuikuta chaki bado iko ukutani, ndipo mazungumzo ya bei yaanze.